Waliotolewa Kwenye Picha

Kacha! Kacha-kacha!

Tanuri alikuwa ameinama, mikono imezama kwenye udongo mpaka viwikoni, alipousikia mlio huo ukitokea nyuma ya nyumba. Haukuwa mlio wa tezo la kuchongea la baba yake. Huo wa tezo aliujua tangu tumboni, ko, ko, ko, moyo wa pili wa ua wao. Huu ulikuwa mkavu na wa pupa, kama mtu anayevunja vijiti kwa hasira. Akajifuta udongo kwenye nguo ya kiunoni, akazunguka ukuta aone kulikoni.

Walimwita Tanuri kwa sababu mbili. Kwanza alifyatua na kuchoma matofali, na nyumba nyingi za kijiji kile zilisimama kwa jasho lake. Pili ni ulimi. Ukimgusa vibaya unaungua, na hakuna aliyewahi kuungua akasema hakuonywa.

Alimkuta kijana wa mjini amepiga goti mbele ya baba yake, kamera imemfunika uso, kavaa kizibao chenye mifuko mbele, mifuko nyuma, mifuko mpaka ubavuni. Wajukuu wa ua walikuwa wameshambatiza kabla hajamaliza salamu. Mifuko.

"Ni mgeni," mama akamnong'oneza. "Anazunguka vijijini anapiga picha za watu na kazi zao. Kaamkia vizuri, kaomba vizuri. Usianze."

"Sijasema kitu, mama."

"Naiona midomo yako."

Baba alikuwa mchonga mipini. Jembe lolote lililolima bonde lile, shoka lolote lililoangusha gogo, mpini wake ulipita kwenye magoti yake kwanza. Na alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka akichonga, alicheka akila, na mkewe aliapa kwamba alicheka hata usingizini, tena vicheko vya kumwamsha mwenzake.

Ua ulikuwa umejaa kama mzinga. Mama alikuwa akipepeta nafaka, wake za kaka zake Tanuri wakichambua maharage, wajukuu wakigombea kigoda kimoja, na jirani yupo, yule aliyekuja kuazima ungo asubuhi akasahau kuondoka. Mifuko akashusha kamera, akawatazama wote, akakuna kichwa.

"Samahani sana, wazazi wangu. Naomba mtoke kidogo. Kidogo tu, nyuma ya mzee pabaki wazi."

Wakatoka. Hilo ndilo kosa lao, na lilikuwa kosa la adabu. Katika ua ule mgeni akisema naomba, mwenyeji haulizi kwa nini. Mama akanyanyuka na nafaka yake, wakwe wakakusanya maharage, wajukuu wakavutwa masikio. Hata kuku mmoja aliyebaki akishangaa alifukuzwa na jirani: "Nawe toka! Hukusikia mgeni kasema nini?"

Tanuri akaingia ndani, akatoka na shati la baba la kutokea, limepigwa pasi hadi kola imesimama.

"Hapana, dada," Mifuko akasema kwa upole. "Hilo alilovaa linatosha."

Alilovaa lilikuwa limechanika begani, pale anapobebea magogo. Ni shati la kazi. Nani anachonga mipini na shati la harusi? Tanuri akafungua mdomo, mama akamkata jicho, akaufunga.

Kisha Mifuko akalalamikia kivuli. Uso wa mzee ulikuwa gizani. Je, hawana shuka jeupe? Mama akaingia ndani, akafungua sanduku, akaja na shuka lake la harusi. Shuka hilo lilitoka sandukuni kwa mambo makubwa tu. Kila mtoto wa nyumba ile alipokelewa juu yake. Mama akashika pembe mbili upande wake, Tanuri akashika mbili upande wake, wajukuu wakachomoza vichwa kwa juu kama maboga juu ya ukuta. Jua likagonga shuka, likarudi usoni mwa baba, uso ukawaka mpaka kila kunyanzi likaonekana.

"Sasa, mzee wangu, usicheke."

Baba papo hapo akacheka.

"Tafadhali, mzee."

"Kijana, unaniambia nisicheke, na mke wangu kasimama mbele yangu mchana kweupe kashika shuka la harusi?"

Wakwe wakajifunika nyuso. Mama akasema, "Mzee huyu hana haya," lakini shuka lilikuwa likitikisika kwa kicheko chake mwenyewe.

"Mfikirie mama mkwe wako," jirani akashauri.

"Nikimfikiria yule sitanyamaza, nitakimbia."

Ilichukua muda. Mwishowe baba akabana midomo, akakaza macho kwenye lile shuka na wale walioshika shuka, akajikaza kama mtu anayezuia chafya mbele ya watu wazima.

Kacha.

Mifuko akashukuru, akanywa maji, akaaga kila mtu kwa mikono miwili. Wakamsindikiza hadi njia panda. Mgeni mwema, wakasema.

Mvua zikaja, zikaenda. Tanuri akachoma matofali, akafungua tanuri, akachoma mengine. Siku moja simu ikalia. Alikuwa kaka yake, fundi wa kuchomelea vyuma kule mjini.

"Tanuri, baba mmemfanya nini?"

"Kafanywa nini? Yuko hapa anachonga. Husikii?"

"Picha yake iko ukumbi wa maonyesho, kubwa kama mlango. Chini wameandika: Upweke. Mzee aliyesahauliwa na wanawe. Umesikia? Aliyesahauliwa! Leo msimamizi wangu kaniuliza mbele ya wenzangu wote, ati wewe ndiye uliyemtupa baba yako? Mimi! Mimi niliyemfulia lile tezo kwa mkono wangu!"

Picha ikatembea kwenye simu za watu kuliko miguu ya mwenyewe. Haikupita muda, wakaja watu wa huruma, gari zima, na gunia la nguo kuukuu. Walimpita mama jikoni bila kumwona, kisha mmoja wao akarudi kumuuliza, "Wewe ni jirani? Ndiye unayemsaidia mzee?"

"Mimi," mama akajibu bila kuacha kukoroga chungu, "ndiye ninayelala na mikoromo yake. Kama huo ni msaada, naomba mniandike."

Wakwe walicheka hadi machozi. Baba hakucheka. Alimwita mjukuu wake wa kike aliyejua kusoma, akamwambia amsomee yale maneno kwenye simu, akamwambia arudie. Kisha akalilaza tezo juu ya gogo, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akachukua kigoda chake akaenda kukaa ndani.

"Wanangu wametukanwa kwa uso wangu," akasema. "Uso uliotumika kuwatukana wanangu, mimi siuketishi uani watu wauone."

Ua ukawa bubu. Wateja walikuja na majembe yasiyo na mipini, wakakuta magogo na hakuna mchongaji, wakashusha sauti kama waliofika msibani. Chakula alipelekewa ndani, akala kidogo, akashukuru kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyomuumiza Tanuri. Baba yake hakuwahi kumshukuru mtu kwa chakula bila kukisengenya kwanza.

Kaka akapiga simu tena. Maonyesho yalikuwa karibu kufungwa, picha zote zilikuwa zinatiwa kwenye kitabu, pamoja na maneno yake. "Ukutani hubanduliwa," akasema. "Kitabuni, dada yangu, atasoma mpaka mjukuu wa mjukuu wako."

Tanuri akaenda kwa baba yake.

"Nakwenda mjini."

"Achana nayo, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya si maji, baba. Haya ni matope. Na matope nayajua mimi. Mtu akiyakanyaga, ukachelewa kuyasawazisha, yanakauka na wayo wake ndani. Baadaye ukitaka kuufuta, labda uvunje tofali."

Baba akageuka, akautazama ukuta.

Mama aliwasikia wote wawili. Alifungua sanduku, akalikunja shuka, akaliweka kwenye kikapu.

"Na hilo la nini, mama?"

"Lilikuwepo. Shahidi haachwi nyumbani."

Mlinzi wa ukumbi aliwasimamisha mlangoni. Alikuwa mtu mzima mwenye sare inayombana tumbo.

"Kikapuni mna nini, mama?"

"Shuka. Tunamletea mzee."

"Mzee gani? Humu hamna mgonjwa."

"Huyo mliyemning'iniza."

Mlinzi akatafakari, hakuona sheria inayokataza, akawapisha.

Ndani kulikuwa na baridi, ukimya, na kuta nyeupe zisizo na hata alama ya kidole. Watu walitembea kwa viatu vya taratibu, glasi za maji ya matunda mikononi, wakiinamisha shingo huku na huku. Tanuri akapita kwenye picha moja baada ya nyingine. Mikono iliyopasuka. Bibi kisimani. Mchungaji na fimbo yake. Zilikuwa picha nzuri, hilo hakulikana. Lakini kila mtu alikuwa peke yake. Bibi peke yake, mchungaji peke yake, hata mtoto aliyekuwa anacheza alicheza peke yake, utadhani vijiji vyote vya nchi vimegombana, kila mtu kanuna kwake.

Mwisho wa ukumbi alikuwepo baba.

Tanuri alisimama. Alikuja na maneno yake yamepangwa kama matofali, na ghafla hakuna lililokaa. Kwa sababu baba alikuwa mzuri. Hakuwahi kumwona hivyo, kila mstari wa uso wake umesomeka, macho yana maji ya uhai, mdomo umefungwa kwa siri. Ingekuwa rahisi kama picha ingekuwa mbaya. Pembeni yake mwanamke mmoja wa mjini alikuwa anajifuta machozi kwa leso.

"Maskini," akamwambia mwenzake. "Watoto wa siku hizi hawana haya."

Damu ikampanda Tanuri mpaka masikioni. Lakini kabla ulimi haujawaka, aliona mama yake amekwisha kumpita, anaisogelea picha, anaisogelea, mpaka pua yake inataka kugusa kioo.

"Mama, usiguse," mlinzi akasema kwa mbali.

"Uso huu, kijana, nimeugusa kabla hujazaliwa." Kisha akapaza sauti ukumbi mzima ukageuka: "Tanuri! Njoo! Njoo uone, mimi huyu!"

Tanuri akaja, akatazama kidole cha mama kilipoelekea. Kilielekea jichoni. Picha ilikuwa kubwa, na jicho la baba lilikuwa pana kama kitako cha kikombe. Ndani ya weusi wake kulikuwa na kitu cheupe, chenye pembe nne, kimepinda kidogo kwa kufuata duara la jicho. Lilikuwa shuka. Upande mmoja mwanamke aliyefunga kichwa. Upande wa pili mwanamke mwingine, mikono yake ina rangi ya udongo. Juu ya shuka, vichwa vidogo vidogo, shanga kwenye uzi. Na pembeni kabisa, jamani, mtu kashika duara. Jirani na ungo.

Wote walikuwemo. Walitolewa uani, wakaingia jichoni.

Tanuri akageuka, akaitoa sauti ile anayoitumia kuwaita watu ng'ambo ya mto.

"Ndugu zangu! Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi leo nawaambia, tazameni! Huyu ni baba yangu. Huyu ni mama yangu, mke wake. Mimi ni mtoto wake aliyemsahau. Sogeeni hapa mhesabu waliomsahau, wamejaa jicho zima!"

Watu wakaangaliana. Mifuko akatokea kwenye kundi alilokuwa akilieleza mambo, akawaona, na uso wake ukachangamka kwelikweli.

"Mama! Dada! Karibuni! Mzee hajambo?"

"Hajambo wa kukaa ndani," Tanuri akasema. "Nani alikuambia amesahauliwa?"

Uchangamfu ukamtoka. Akatazama karatasi iliyo chini ya picha kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine.

"Dada, picha ina maana pana kuliko mtu mmoja. Nilitaka watu waguswe. Wazee walioachwa peke yao wapo, tena wengi."

"Wapo. Si ungewapiga hao?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

"Niliona huzuni usoni mwake," Mifuko akasema, na ilionekana anaamini. "Sikuitia mimi. Kamera haidanganyi."

"Uso wake ulikuwa unabana kicheko! Wewe ndiye uliyemwambia asicheke! Na kamera haikudanganya, kaka yangu. Kamera ilituona sote, na tumo humo mpaka leo. Aliyetutoa ni wewe. Ulituambia naomba mtoke kidogo, tukatoka kwa kukuheshimu. Kumbe ulikuwa hututoi kwenye picha, ulikuwa unatutoa kwenye maisha ya baba yetu."

Mwanamke mwenye leso alikuwa ameinama kwenye jicho. "Naona ungo," akasema polepole. Mwenzake akainama. Wengine wakaanza kusogea.

Msimamizi wa maonyesho, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akawapenya watu. "Ni kweli?" akamuuliza Mifuko. "Walikuwepo?"

"Walikuwepo. Niliwaomba wasogee. Ndivyo kazi yetu ilivyo, mama. Kila mpiga picha huchagua."

"Chagua!" Tanuri akasema. "Nani kakukataza? Hata mimi nachagua udongo. Lakini ulichokitoa kwa mkono wako, usituambie hakikuwepo."

Mifuko akapangusa jasho. "Kitabu kinakwenda kiwandani. Maneno yameshapangwa."

Hapo ndipo mama, ambaye tangu mwanzo alikuwa anamtazama mumewe, akainamia kikapu. Akalikunjua shuka, akalipiga mara moja hewani kama anayetandika kitanda, likapaa, likatua juu ya picha, likaifunika yote na maneno yake.

"Basi mzee kalala," akasema. "Anayetaka kumwona aje nyumbani, apige hodi, sisi ndio tutakaomwita."

Mlinzi akaja mbio. Tanuri akasimama mbele ya shuka, miguu kaipanua, udongo wa jana bado kwenye kucha.

"Liguse shuka la mama yangu, uone."

Mlinzi akamtazama, akalitazama shuka, akamtazama msimamizi. "Mimi niliambiwa watu wasiguse picha," akasema. "Habari za shuka sikuambiwa."

Safari hii walicheka wazi. Msimamizi wa maonyesho hakucheka. Aliingiza mkono chini ya shuka, ikasikika karatasi ikibanduka, akatoka nayo akaikunja.

"Kitabu hakitoki bila idhini yangu," akamwambia Mifuko. "Nenda kwa mwenye uso. Akikubali maneno, yaandike atakayokubali. Akikataa, ukurasa wake utabaki mweupe hivi hivi."

Mifuko akapapasa mifuko ya kizibao chake mmoja baada ya mwingine, kama aliyeweka jibu humo akalisahau. Mwishowe akasema, bila kuinua macho, "Nitakuja. Na kamera yangu."

"Njoo," mama akamjibu. "Maji ya kunywa yapo yale yale."

Walifika nyumbani jua bado lipo. Baba alikuwa ndani, kwenye kigoda chake, mgongo mlangoni. Hakuuliza habari za mjini. Alimtazama mkewe akiweka kikapu chini, akakiona ni kitupu.

"Shuka liko wapi?"

"Tumekufunika nalo," mama akasema.

"Mmenifunika?"

"Mbele ya watu. Gubigubi."

"Kama maiti?"

"Kama maiti. Ila miguu haikutokeza."

Mabega ya baba yakaanza kutikisika, na kwa kitambo Tanuri alidhani analia. Kisha kikatoka, kile kicheko walichokikosa, kikianzia mbali kama gari linalopanda mlima, kikafika, kikaujaza mlango. Wakwe wakaja kuchungulia. Wajukuu wakajazana. Tanuri akamweleza yote, la jicho, la ungo, la mlinzi, na ukurasa utakaobaki mweupe, na kwamba Mifuko anakuja. Jirani, aliyekuwa karibu kama kawaida yake, aliposikia yumo jichoni mwa mzee, aliomba kiti.

Baba akajifuta macho. Akanyanyuka, akabeba kigoda chake mwenyewe, akatoka nacho uani, akakiweka palepale pa siku zote. Tezo lilikuwa juu ya gogo, limeanza kutu kwenye makali. Akalishika, akalipima uzito, akalipiga mara moja. Ko. Kisha akasita.

"Atakuja, sawa," akasema, na uso wake ukarudi kuwa mzito. "Na atasema naomba mtoke kidogo. Na nyinyi mtatoka. Nawajua. Mama yenu mgeni akiomba, anabeba mpaka kuku. Nitabaki tena peke yangu hapa, kama gogo."

Tanuri akaja mbele yake, akachuchumaa, macho yao yakalingana. Kwenye weusi wa macho ya baba aliwaona wote nyuma yake, wadogo, wamesongamana.

"Baba, nakuahidi, na mama anasikia, na jirani anasikia. Akija tutampa maji, tutampa kiti, na akisema tutoke, hatutatoka. Hatoki mkweo, hatoki mjukuu wako, hatoki hata kuku. Utavaa shati lako la kutokea, sisi tutakaa pembeni yako, na ukitaka kucheka, baba yangu, utacheka."